Kambambili za Mgeni

Kwa Bi Kaltum mgeni haondoki kwa kuaga mara moja. Anaaga, anaambiwa kaa. Anaaga tena, analetewa chai nyingine. Akisimama kutafuta kambambili zake mlangoni, hazionekani, maana Bi Kaltum amekwisha kuzisukuma kwa mguu chini ya kabati, na anamtazama mgeni kwa uso wa mtu asiyejua lolote. Ndivyo alivyofanya mama yake, na ndivyo watu wa nyumba ile walivyojua kwamba wanapendwa: kwa kuzuiwa.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumfichia viatu. Mwishoni mwa mwaka tisini na tatu, mji wa Bujumbura ukinuka moshi wa vita, mwanawe Talal alimpakia mkewe na kitoto chao Hiba kwenye gari kabla ya jua kuchomoza, wakaenda, wakaenda, mpaka wakaishia Uingereza. Siku ile hapakuwa na chai. Hiba alikuwa na miaka miwili, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi mwa mama yake.

Sasa alikuwa na minane, na Kiswahili kilikuwa kimemtoka kama meno ya utoto. Kila Jumapili baada ya alasiri Talal alipiga simu dukani kwa Amur, mdogo wake Bi Kaltum, mwenye duka la vitambaa nyuma ya soko kuu, mtaa wa Rohero. Amur alifungua mlango nusu kwa ajili ya simu hiyo tu. Talal akishaongea na mama yake humwita mtoto. Mtoto huja, husema "Hello, Bibi," kisha kimya, pumzi tu kama paka nyuma ya mlango, kisha miguu inakimbia.

"Usihuzunike, Mama," Talal akamwambia siku moja. "Hakukatai. Hana tu la kukuambia. Lugha hamuna."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa ndagala, vile visamaki vya ziwani. Aliona wazi: ikipita miaka mingine hivi, hata hiyo "Hello" itakauka, na yeye atakuwa jina tu la mtu wa mbali. Akamwita Mwalimu Léonce.

Léonce alikaa mtaa wa Musaga. Alikuwa amefundisha Kiingereza kwenye lise, shule ya sekondari, mpaka vita vikafunga madarasa; siku hizi alipima vitambaa kwenye meza ya Amur. Akachukua chaki ya fundi, akatandaza kipande cha kitambaa cheusi.

"Mama Talal, sikiliza. Waingereza ya kitabu ni wengine, na ya telefone ni wengine. Hawa ya telefone wanapika neno juu ya mafiga matatu. Hapa katikati, 'come', kuja. Nyuma yake weka ka-neno kadogo, 'back': ameshageuka, anarudi. Sasa mbele. Weka 'can': njia iko wazi, akitaka arudi. Weka 'might': pengine, hata yeye mwenyewe hajui."

"Huyo mutoe. Pengine ninazo za kutosha hapa Bujumbura."

Amur akacheka nyuma ya majora ya vitenge. "Dada, utamaliza chaki yangu, na Kiingereza hakitaingia."

"We nyamaza. Ulirudia darasa la tatu, mimi nilipita." Akamgeukia mwalimu. "Endelea."

"'Must': lazima. 'Must come back.' Huyu ameshikwa mukono."

Bi Kaltum aliifuata ile chaki kwa kidole. Alijifunza na mengine: "pick up," kunyanyua simu, "hang up," kuikata. Aliyarudia akichambua mchele, akisukuma chapati, akikaa gizani umeme ukikatika huku milio ya risasi ikisikika upande wa Kanyosha. Lakini moyo wake ulikuwa umeshachagua. Mtu unayempenda huwezi kumwambia njia iko wazi. Unamshika mkono.

"'Must come back', ni sawa?" akamwuliza mwalimu.

"Sawa kabisa," akajibu Léonce, maana hata kwao milimani mgeni hatoki bila kushikiliwa kwa kinywaji cha mwisho. "Ataona anapendwa."

Jumapili ile mtoto alipokuja kwenye simu, Bi Kaltum alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto: "Hiba! You must come back! You must come back!"

Kisha kitu kikaanguka, kisha kilio. Talal akashika simu.

"Mama, umemwambia nini? Amejificha chini ya meza. Aliona askari wa huko kwetu kwenye televisheni, na maiti barabarani. Sasa anasema Bibi anamuamuru arudi kule."

Wiki iliyofuata Hiba hakuja kwenye simu kabisa. "Anasoma," Talal akasema. Hajawahi kujua kudanganya, tangu mdogo.

Bi Kaltum alirudi nyumbani, akakaa karibu na lile kabati. Aliinama akakuta chini yake kambambili moja ya bluu, ya mgeni gani hakumbuki, imejaa vumbi. Aliipangusa kwa upindo wa kanga. Alijiuliza kwa mara ya kwanza: huyu mgeni alikwenda kwake na mguu mtupu? Na kama ni kweli alitaka kuondoka? Na yeye mwenyewe, hivi kweli anataka mtoto yule alale hapa, asikie milio hii?

Hapana. Alitaka ile pumzi tu. Ikae. Isikimbie.

Siku ya tatu yake alimkuta mwalimu anafungua duka. "Nipe maneno ya kumwambia kwamba anaweza kukata simu akitaka."

Léonce akashusha mita yake ya mbao. "Mama Talal! Mutu anangojea telefone wiki nzima, juu ya kumwambia mwingine akate?"

"Nimemufichia viatu mutoto anayeogopa. Sasa namurudishia mukononi. Nipe maneno."

Akampa. Yalikuwa mepesi, alikuwa nayo yote tayari.

Jumapili ikafika. Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa, Amur anachezesha funguo, Léonce anatazama nje kama hiace, zile basi ndogo za kwenda Musaga, zimeanza kuisha. Simu ikalia. Bi Kaltum alimwambia Talal: "Usimulete kwa nguvu. Mwekee tu simu sikioni."

Ikaja ile pumzi.

"Hiba," akasema polepole, kwa sauti ya jikoni. "It is Bibi. You can hang up." Akarudia: "You can hang up."

Alingoja mlio wa simu iliyokatwa. Haukuja. Pumzi ilikaa. Kisha sauti ndogo, ya kukasirika kidogo, ikasema: "No." Na baadaye, kwa haraka: "Bibi, don't hang up. Wait. You mustn't hang up. You must not!"

Miguu ikakimbia. Lakini safari hii simu haikuchukuliwa na mtu. Ilikuwa imelazwa mahali, wazi, na kwa njia yake Bi Kaltum alisikia nyumba ambayo hajaiona: ngazi za mbao, mlango, maji yanachemka, mtoto anapekua kitu chumbani huku akiimba chinichini. Kumbe ana wimbo.

"Amekata?" Léonce akanong'ona.

Alitikisa kichwa. Machozi yalimshuka bila kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika simu.

"Dada," Amur akasema kwa upole, "couvre-feu. Saa ya kutotembea nje imekaribia, twende sasa."

Bi Kaltum alivua kambambili zake, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto, akazisukuma kwa mguu mpaka ndani kabisa, chini ya meza ya vitambaa.