Mikono ya Kushoto

Jumamosi mchana nesi mstaafu aliondoa vyombo kwenye meza ya kulia chakula, akaifuta kwa kitambaa kibichi, akaifuta tena kwa kikavu, kisha akatandaza juu yake kitambaa cha pamba cha rangi ya majani alichokinunua kwa kupimiwa. Mumewe, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kusoma mita za maji, alibeba sahani yake ya viazi akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Tangu mkewe aanze kujifunza kushona, meza ile na chakula walikuwa wameachana.

"Sindano za hospitali na sindano za nguo si ndugu," alisema kutoka mlangoni, kiazi kikiwa shavuni. "Kule ukimchoma mtu analia, unajua umepatia. Hapa kitambaa kinanyamaza tu."

Kitambaa kilinyamaza kweli. Kilinyamaza alipokikata upogo, kikanyamaza alipokishona ndani nje. Foronya ya kwanza ilitoka fupi, mto ukachungulia kama tumbo la mtu aliyevaa shati la mdogo wake. Akafumua. Uzi wa chini ukajisokota ukawa kiota cha ndege. Akafumua tena. Jioni alikuwa na foronya mbili zilizonyooka, akazipiga pasi, akazivisha mito, akazilaza kitandani sambamba. Alikwenda jikoni kuepua chai. Aliporudi, mto wa kushoto ulikuwa uchi.

Alimuuliza mumewe. Mumewe alisema yeye akitaka kuiba ataiba kitu cha kuliwa.

Wiki iliyofuata alishona mapazia ya sebuleni, vipande viwili, yenye pindo pana chini ili yaning'inie kwa uzito. Yalimtoka vizuri kuliko alivyotegemea. Mumewe alipanda kiti akayatundika, na kabla hajashuka kwenye kiti lile la kushoto halikuwapo tena. Pete zake zilibaki kwenye chuma zikigongana. Jirani aliyekuwa akipita alisalimia kupitia nusu iliyo wazi, akasema pazia zuri.

Kisha ikaja bukta ya mumewe. Hii aliishona kwa kujiamini, akatia mpira kiunoni na mfuko nyuma. Mumewe aliivaa, akatembea nayo hadi kwenye kioo, na alipofika mguu wa kushoto wa bukta ulikuwa umekwenda zake, umeachia mshono bila kukata hata uzi mmoja.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, akaenda kuvaa suruali.

Blauzi ya binti yao, karani wa bima, ndiyo iliyomchosha kuliko vyote. Shingo aliifumua mpaka kitambaa kikaanza kuota manyoya. Mikono aliitia nyuma mbele, akaifumua, akaipiga bandi kwa mkono, akaivuta ikakaa kwa shida. Binti alipoijaribu ilimkaa vyema mabegani, akamwambia mama yake ahsante, na mkono wa kushoto ukatoweka akiwa bado anafunga vifungo. Binti alijitazama. Alivaa hivyo hivyo kwenda kazini, na mwenzake mmoja akamuuliza ameshonesha wapi.

Ni baada ya blauzi hiyo ndipo simu ilipolia. Alikuwa dada yake mkubwa, ambaye waliongea naye kwenye misiba na sikukuu, na katikati ya hapo kila mmoja alimtumia mwenzake salamu kwa watu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nguo zako zimefika."

"Zote?"

"Mimi nitajuaje zote? Kuna foronya, kuna pazia, kuna mguu wa bukta ya shemeji. Leo umekuja mkono wa blauzi. Nazikuta kwenye kamba katikati ya mashuka yangu, zimebanwa vizuri. Ila vibanio si vyangu, ni vya kijani."

"Basi ni vyangu," alisema nesi. "Nilikuwa navitafuta."

"Huo mkono umekunjamana kwapani. Umeuvuta. Mkono hauvutwi, unabembelezwa." Akakata simu, kwa sababu alikuwa anafulia nyumba ya wageni na mashuka yalikuwa yanamngoja.

Nesi alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Hakuhitaji mganga wa kumwambia kwa nini vitu vinakwenda kule. Cherehani ilikuwa ya marehemu mama yao, nyeusi, ya kuzungushwa kwa mkono, maua yake ya dhahabu yamefutika mahali ambapo kiganja kilikuwa kikiegemea. Kiganja hicho kilikuwa cha Dada. Baba yao alipofariki, na macho ya mama yakaanza kuingia ukungu, ilibidi mtu akae kwenye cherehani. Dada alikuwa sekondari, wa kwanza darasani kila mtihani, mtoto ambaye walimu walimtuma asahihishe daftari za wenzake. Aliambiwa apumzike muhula mmoja tu, hali ikae sawa. Muhula ule haukuisha. Mdogo mtu, ambaye hakuwa mjinga wala hodari, aliendelea na masomo kwa magauni aliyoyashona mwenzake, akafika chuo cha uuguzi, akavaa kofia nyeupe. Nyumbani walizoea kusema mmoja alishona na mwingine akasoma, kwa sauti ile ile ya kusema mmoja aliteka maji na mwingine akawasha moto.

Baada ya msiba wa mama, nesi ndiye aliyeichukua cherehani, kwa sababu chumba cha Dada kilikuwa kinavuja. Paa lilikuja kuzibwa. Cherehani ikabaki stoo chini ya masanduku, miaka na miaka, mpaka nesi alipostaafu akatafuta kitu cha kufanya na mikono yake.

"Cherehani inamtafuta mwenyewe," alisema mumewe. "Irudishe, tupate kulala na foronya mbili."

"Na nikifika nitasema nini?"

"Usiseme. Mkono mtupu ndio haulambwi. Wewe una chuma kizima."

Aliifunga kwenye shuka, akaipakata kwenye teksi kama mgonjwa, na njia nzima kila gurudumu lilipoingia shimoni cherehani ilimkanyaga mapajani.

Chumba cha Dada kilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, kimepakwa chokaa, kitanda kimoja, dirisha moja jembamba. Kwenye dirisha lilining'inia pazia la rangi ya majani, na lilikuwa limeenea sawasawa, kana kwamba lilipimwa hapo. Kitandani palikuwa na mto mmoja ndani ya foronya moja. Mguu wa bukta ulikuwa umeshonwa kwa chini na kutiwa kamba, ukawa mfuko wa vibanio. Mkono wa blauzi ulikuwa juu ya meza, umefumuliwa na kushonwa upya, na kwapani haukuwa na kunyanzi.

Dada alimkaribisha kwenye kiti, yeye akakaa kitandani. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa sabuni na vimevimba kwenye viungo.

"Hicho nini?" aliuliza.

"Cherehani, Dada. Nimekurudishia."

Dada aliitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi wa jirani.

"Ya kazi gani?"

"Ni yako. Tulikosea kuichukua. Mimi nilikosea."

"Mdogo wangu," alisema Dada, "mimi sikupenda kushona hata siku moja."

Nesi alikuwa ameandaa maneno ya kusema ikiwa Dada angelia, na maneno ya kusema ikiwa angefoka.

"Lakini ulishona vizuri. Watu walikuwa wanapanga foleni."

"Na wewe ulichoma sindano vizuri. Ulikuwa unapenda watoto walie?" Dada alisukuma cherehani kwa mguu, taratibu, irudi upande wa mgeni. "Ondoka nayo. Chumba chenyewe hiki, nikiiweka nitalala wapi?"

Alimimina chai. Wakainywa wakitazama nje, ambako mashuka yalikuwa yamejaa upepo. Kisha Dada aliweka kikombe chini.

"Nina swali nimekaa nalo muda mrefu," alisema. "Siku yako ya kwanza chuoni. Uliingia lango lile la chuma, mimi nikabaki nje na mwavuli. Mlipofika darasani, mliambiwa nini?"

Nesi alifikiri. Alitafuta darasa hilo akilini mwake kama anavyotafuta mtu kidonge kilichoangukia chini ya kitanda. Aliona korido, lakini ilikuwa ya hospitali, ya miaka ya baadaye. Aliona mwalimu, lakini hakuwa na uso.

"Sikumbuki, Dada."

"Hata kidogo?"

"Ni zamani mno. Nadhani tuliandikishwa majina."

"Nadhani," alirudia Dada, bila ubaya. "Mimi naikumbuka. Ulivaa sketi ya bluu ya marinda. Niliyamaliza asubuhi ile ile, ukaivaa ikiwa bado na joto la pasi. Ulipokuwa unaingia, rinda moja nyuma lilikuwa limefumuka. Nilikuita, hukusikia, ulikuwa unacheka na wenzako. Basi nikakaa pale ukutani ningoje mtoke, nikushikizie. Sindano nilikuwa nayo kwenye kola."

"Ulikaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mkatoka. Ningekwenda wapi? Nilikuwa nasikiliza kengele. Ikilia, najiambia, haya, sasa wanaingia somo jingine. Sikujua somo gani. Nilikuwa nayapa majina mwenyewe."

Nesi alikumbuka mwavuli. Alikumbuka kwamba walirudi nyumbani kwa miguu na kwamba alikuwa na njaa, na kwamba Dada alimuuliza maswali mengi njiani, na yeye akamwambia amuache kwanza, amechoka. Hilo alilikumbuka waziwazi, neno kwa neno. Alitaka kulisema. Badala yake alisema chai imepoa, na Dada akainuka kuipasha moto.

Alipokuwa anaaga, aliuliza afanye nini na vile vitu vinavyokuja.

"Viache vije," alisema Dada. "Kamba ninayo. Ila jifunze kutia mkono, unaniongezea kazi."

Teksi ilikuwa ile ile. Dereva alipoona shuka linarudi na mzigo wake alifungua mlango wa nyuma na kusogeza kiti cha mbele. Nyumbani mumewe alikuwa ameshasafisha stoo.

"Imekataliwa?"

"Imekataliwa."

"Kumbe hata chuma hukataliwa," alisema, akainyanyua mwenyewe, akairudisha juu ya meza ya kulia chakula.

Tangu hapo mambo yalitengenea kwa namna yake. Nesi alijifunza kwamba akikata mikono miwili ya kushoto, mmoja utakwenda na mmoja utabaki, na nguo itakuwa nzima. Vivyo hivyo kwa foronya, na kwa mapazia, na kwa suruali. Ilikuwa ni suala la kununua kitambaa cha ziada. Muuza vitambaa alizoea. Alipomwona anaingia alipima, kisha akavuta kipande kingine na kusema hiki cha dada. Mkono wa nesi ulikuwa mwepesi sasa. Aliweza kushona kola inayosimama, na mito ya kochi yenye zipu iliyofichika, na binti yake alivaa kazini koti lenye bitana ambalo hakuna aliyeamini limeshonwa mezani. Majirani walimsifu kwamba amechelewa kuanza lakini amewahi kufika.

Dada hakupata hata gauni moja zima. Aliendelea kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na vidole vyake viliendelea kuvimba. Nesi alisema mara kadhaa kwamba atampeleka kwa daktari anayemfahamu, na Dada akasema vizuri, na siku ikapangwa, na ikapita.

Kitu kimoja tu hakikutengenea. Kila nesi alipokaa kushona, alijaribu kulikumbuka lile darasa. Alizungusha mpini wa cherehani na kutafuta. Sauti ya sindano ilikuwa nzuri kwa kufikiri, lakini ilimletea kila kitu isipokuwa alichotaka: wagonjwa waliokwisha kufa, namba za vitanda, wimbo wa tangazo la dawa ya meno.

Asubuhi moja Dada alipiga simu.

"Mkono wa koti umefika," alisema. "Huu umeutia vizuri. Sina cha kufumua."

"Ahsante, Dada."

Kwenye simu yalisikika maji yakichuruzika kutoka kwenye mashuka. Dada alikuwa tayari kukata.

"Dada, ngoja. Nimekumbuka kitu. Chuoni. Madawati yalikuwa marefu, tulikuwa tunakaa watatu watatu."

Hilo lilikuwa kweli, au lilikaribia kuwa kweli.

Upande wa pili, ndoo ilitua chini.

"Watatu," alisema Dada. "Na wewe ulikaa wapi?"

Nesi alitazama meza, mkasi, chaki, vipande vilivyobaki. Alitafuta tena, na pale alipotafuta hapakuwa na kitu.

"Dirishani," alisema.

"Nilijua tu! Hapo hapo ndipo ningekaa mimi." Sauti ya Dada ilikuwa imesogea karibu sana na simu. "Upepo ulikuwa unaingia?"

"Ulikuwa unaingia, Dada."

"Na kengele ya kwanza ilipolia, likaja somo gani?"

Nesi alivuta kiti, akakaa.

"Mifupa," alisema. "Tulianza na mifupa ya mkono."

"Haya," alisema Dada. "Endelea."