Picha ya Kwenda Ulaya

Gosbert Kaijage alikuwa mtu wa matangazo kabla hajawa mtu wa kusaidia shule. Kule Dar es Salaam alitangaza sabuni, mpaka ikafika miaka sabuni yenyewe haionekani dukani, na kitu cha foleni hakihitaji tangazo. Kufikia mwaka 1975 alikuwa Mwanza, mwakilishi wa shirika moja la Ulaya lililojenga madarasa vijijini. Makao makuu yalikuwa yamemwandikia: lete picha moja itakayowagusa wafadhili, uje huku uwe mkuu wa uchangishaji. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Aliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipandi.

Alichagua kijiji kimoja cha ujamaa nyuma ya Kisesa, ambako watoto walisomea chini, kwenye vumbi. Kosa lake ni kwamba alitoa taarifa. Umwambie Msukuma mgeni anakuja na kamera, halafu utegemee kumkuta kama alivyoamka! Alikuta ukuta umepakwa chokaa, madawati yameazimwa misheni na kuletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, karibu sana," alisema mzee Nkwabi, mwenyekiti wa kijiji, akitabasamu. "Unatuonaje?"

Kaijage alitazama saa. Filamu ilikuwa iondoke na ndege ya alasiri. Akamwita pembeni mwalimu, Paskazia.

"Naomba madawati yatoke, Mwalimu. Na mashati wavue."

"Wavue? Mama zao wamepanga foleni ya sabuni siku nzima, baba."

"Huko Ulaya hawamsaidii mtu aliyependeza."

Paskazia akamgeukia mwenyekiti. Nkwabi hakutabasamu tena.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema taratibu. "Kama dawa yenyewe ndiyo hiyo, tutainywa."

Madawati yakatolewa. Watoto wakavua mashati, kila mmoja akakunja la kwake vizuri, wakakaa vumbini. Kaijage alipiga picha nane. Aliona aibu, lazima isemwe, lakini aliendelea kupiga.

Picha ilifanya kazi yake. Mwaka haukwisha, darasa la matofali likasimama, na madawati yasiyo ya kuazima. Kijijini hakuna aliyelalamika, maana darasa ni darasa. Na Kaijage akapata barua ya uteuzi.

Alikuwa anafunga mizigo nyumbani kwake Ilemela ilipofika barua nyingine, kutoka kijiji cha upande wa Misungwi ambacho hakuwahi kukikanyaga. Mwandiko ulikuwa safi, muhuri wa kijiji umegongwa sawasawa.

"Ndugu Mwakilishi, tumesikia mlivyowasaidia wenzetu wa Kisesa, na utaratibu tumeuelewa. Sisi tuna darasa moja la bati tulilojijengea kwa kujitegemea, lakini watoto wamezidi. Kamati imeamua mabati yaezuliwe Jumatatu ijayo, ili ukija utukute tuko tayari. Madawati tumekwisha kuyatoa. Tunaomba tarehe ya kufika kwako, na utuambie kama kuna kingine cha kuondoa."

Kaijage aliisoma mara mbili, akaketi juu ya sanduku. Kisha akatazama tarehe. Barua ilikuwa imekaa njiani wiki tano, na nje mvua ya masika ilikuwa inanyesha siku ya nne mfululizo.