Banjo ya Mattie Considine

Fintan Hehir alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimechakaa akakiacha. Wapiga muziki wote wa Ennis, mji wake wa Ireland, walimletea vyombo vyao avitengeneze, na wote walimwonya asipitilize. Maonyo hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nuala Considine alipomletea banjo ya marehemu mumewe, Mattie, alitaka ngozi iliyopasuka ibadilishwe, basi. Baada ya misa ya kutimiza mwaka tangu kifo, Pakie, mdogo wake Mattie, angeipiga kwenye baa, kama ilivyo desturi. Kabla ya kuondoka, Nuala alipitisha kiganja juu ya bamba la chuma la kuegemeza mkono wa mpigaji. Fintan akadhani anaona haya kwa uchakavu wake.

Kwa kweli lilikuwa limechoka. Banjo yenyewe ilikuwa ya Marekani, ya nyuzi nne, ya enzi za jazi, iliyotengenezwa na watu wasiojua maana ya kiasi. Kila chuma kilikuwa kimechovywa dhahabu. Maua ya gamba la chaza yalipanda kwenye shingo ya mpingo hadi kichwani, walikokaa ndege wawili, manyoya yao yamechorwa kwa ncha ya chuma na kujazwa nta nyeusi. Lakini mkono wa Mattie ulikuwa umeila dhahabu ya bamba mpaka shaba ikatokeza, na vidole vyake vilikuwa vimefuta maua ya chini yakabaki mabaka meupe.

Fintan akabadilisha ngozi. Kisha akalikwangua bamba, akalichovya dhahabu upya. Akang'oa maua yaliyofutika, akakata mengine, akayachora mshipa kwa mshipa. Kazi ilikuwa safi, hakuna wa kubisha. Hakudai hata senti, maana aliifanya kwa moyo mweupe, na hilo ndilo linaloudhi.

Siku ya misa baa ilijaa. Pakie alifungua kasha, akakodoa macho.

"Fintan, hii ni banjo au altare? Nipige muziki au nipige magoti?"

Watu wakacheka. Fintan naye akacheka, amevimba kichwa, akingoja Nuala aione.

Nuala akaipakata. Kiganja chake kikaenda moja kwa moja kwenye bamba, kikapapasa, kikarudi, kikapapasa tena. Akashuka kwenye maua, akayagusa moja moja. Fintan akaelewa alichokuwa akikitafuta. Nuala akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Bamba la zamani unalo?"

"Ndilo hilo hilo, Bi Nuala. Nililikwangua tu."

"Na maua?"

"Nilitupa."

Nuala akaitazama banjo kwa muda, inavyong'aa, kisha akampa Pakie.

"Umefanya kazi nzuri, Fintan," alisema, bila hasira yoyote. "Nadhani hivi ndivyo ilivyokuwa siku aliyoinunua. Siku hiyo nilikuwa bado sijamjua."