Ushanga Kwenye Pua ya Mbayuwayu

Kazini walimwita Fundi Meno, na jina likamkaa. Ukipoteza meno ya mbele, tabasamu lako jipya lilipitia mikononi mwake: alilifinyanga kwa nta ya rangi ya waridi, akalikwangua, akalipiga msasa hata ulimi wako mwenyewe ukasahau kwamba si lako. Mikono yake ilikuwa na subira. Mdomo wake haukuwa nayo hata chembe.

Ndiyo maana binti yake, waliyemwita Chiriku kwa kutonyamaza kwake, aliposhinda shuleni boksi la kuunda roketi ndogo yenye mabawa, hakumtafuta msaidizi mwingine.

"Mama, sikiliza. Inapanda kama risasi. Ikifika juu inatema injini, halafu inashuka taratibu ikielea kama ndege."

"Inatema injini? Kama wateja wangu wanavyotema meno."

"Mama!"

"Leta huo msasa."

Jioni baada ya jioni meza ya kulia chakula ikawa karakana. Mbao zenyewe zilikuwa nyepesi kama mkate mkavu, ukizibana kwa hasira zinakatika. Mama alikwangua kingo za mabawa, Chiriku akapaka gundi na kuongea bila kituo. Wakaipa jina, Mbayuwayu. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake Fundi Meno na aliishi nao akisuka wateja wake palepale sebuleni, alikuwa akipita na kitana mkononi huku akicheka.

"Dada, hata siku ya kuposwa hukutulia kitini muda wote huu."

"Wewe suka nywele, bibie. Anga tuachie sisi."

Ilipokamilika, waliirusha kwa mkono koridoni. Ikainua pua kwa maringo, ikasita, ikadondoka. Pua nyepesi. Fundi Meno akachomoa kipande cha nta ya kazini, akabandika punje kwenye ncha ya pua. Wakarusha. Akaongeza punje nyingine. Wakarusha tena, mpaka Mbayuwayu akateleza kutoka mlangoni hadi dirishani bila kutikisika. Kisha akaipitishia ile nta ncha ya kisu cha moto, ikawa laini kama ufizi wa mtoto mchanga.

"Siku ya kwanza kuirusha kwa moto," alisema Chiriku, "ni mimi na wewe tu. Mama mdogo atapiga kelele mpaka iogope."

"Mimi na wewe tu," alisema mama.

Alilisema kavu, lakini lilimwingia. Mambo ya kwanza ya mtoto huyu yalikuwa yakimpita. Hata jino la kwanza la Chiriku liling'oka yeye, fundi wa meno, akiwa kazini anachonga ya watu. Aliyelipokea kiganjani ni mama mdogo. Hili moja lingekuwa lake.

Jumamosi waliyopanga ikafika, na simu ya kazini nayo ikafika. Bwana harusi kavunja meno yake ya bandia, na harusi ni jioni. Fundi Meno alitarajia machozi. Chiriku akasema, "Sawa tu, Mama, nenda," haraka, kama anayefunga mlango.

Jumamosi iliyofuata, wakati wa chai, mama mdogo aliuliza, "Leo ndiyo leo? Hivi hicho kijiti kitapaa kweli?" Chiriku akainamia kikombe chake.

Uwanja wa mpira ulikuwa mtupu. Walisimamisha fimbo ya chuma, wakamchomeka Mbayuwayu juu yake, wakatandaza waya hadi kwenye kiboksi cha betri chenye kitufe. Fundi Meno akapitisha kidole gumba kwenye pua, kwa mazoea tu, jinsi anavyokagua jino kabla halijaingia mdomoni.

Kidole kikagonga kipele.

Nta yake haikuwa na kipele. Haikuwepo hata nta yenyewe. Palikuwa na gundi nyeusi, ile ya kubandikia nywele za bandia, na ndani yake ushanga wa bluu, kama ule anaosukia mama mdogo. Kwenye shina la bawa la kushoto palikuwa na ufa uliozibwa kwa gundi ileile. Akanusa tumbo la roketi. Baruti iliyokwisha kuungua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa wawili ilikuwa imekatiza sebuleni mwake wiki nzima, inamsalimia na kumwandalia chai.

Angeweza kufoka. Badala yake alimpa mtoto nafasi.

"Chiriku, kuna kitu unataka kuniambia kabla sijabonyeza?"

"Hapana, Mama." Mtoto akashika mashavu. "Naogopa tu! Sijui itapandaje!"

Fundi Meno akabonyeza.

Mbayuwayu akachomoka kwa mlio wa nguo inayochanika, moshi nyuma yake. Mama hakutazama juu. Alimtazama mwanawe. Chiriku naye hakutazama juu. Alisogea pembeni, akasimama kama mtu anayesubiri basi kituoni, na injini yenye utepe mwekundu ikamwangukia karibu na miguu. Ndipo akakumbuka kurukaruka.

"Mama! Umeona? Mara ya kwanza tu!"

Huko juu Mbayuwayu alikuwa akizunguka, duara pana, kwa utulivu kuliko alivyowahi kuteleza koridoni. Ushanga ulikuwa unafanya kazi yake vizuri. Hilo lilimchoma kuliko ufa.

"Mama mdogo alipiga kelele?"

Mikono ya Chiriku ikashuka. "Nani kakwambia?"

"Ushanga."

 Yakamtoka yote pamoja. "Jumamosi ile ulipoondoka, akasema twende tuijaribu kidogo tu. Ikaanguka vibaya, bawa likapasuka, nta ikabanduka. Mama mdogo ndiye aliyeitengeneza, tukairusha tena. Akasema tusikwambie, utaumia."

"Na hayo mashavu? Na hilo la mara ya kwanza tu? Ni yeye aliyekufundisha?"

Mbayuwayu alimaliza duara jingine.

"Hapana," alisema Chiriku. "Hilo langu."

Fundi Meno akatikisa kichwa, akaanza kukunja waya. Mikono yake ilikunja vizuri, mzunguko juu ya mzunguko. Upande wa pili wa uwanja, nyuma ya goli, Mbayuwayu aligusa majani na kutoweka.

"Mama, twende tukaichukue."

"Nenda wewe. Unajua inakoangukia."

Chiriku akasimama kidogo, akisubiri aitwe. Hakuitwa. Akaenda, moja kwa moja, bila kutafuta.