Jina Langu Kwenye Orodha Mbili

Hapa Wyoming mtu akikuletea orodha ya kumpendekeza mwenzake kwa kazi ya serikali, unatia sahihi. Ukikataa, unaonekana mchoyo kama aliyemnyima msafiri maji. Ndiyo maana mwezi wa Aprili nilimtilia sahihi Judson Pryor, aliyetaka kuwa mwendesha mashtaka wa eneo letu lote. Alikuwa amekula maharage mkahawani kwangu, akanipa kalamu, nikaandika: Adah Torrance. Basi.

Agosti, msimamizi wa ranchi ya mjomba wake Pryor alimpiga risasi mume wangu, Silas, akamwua kwenye uzio wetu. Pryor akipata kazi ile, kesi imekufa. Nikakimbilia orodha ya mpinzani wake, Lemuel Haskett, wakili wa mashtaka wa kaunti yetu.

Leo imefika barua kutoka Washington, wanakoteua mtu wa kazi hiyo. Jina langu liko kwa wote wawili, kwa hiyo halihesabiki, mpaka niape mbele ya karani wa mahakama ni yupi ninayemtaka. Nilikasirika, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe.

Karani, Fitch, alikuwa pale pale mkahawani akila. Meza ya pili alikaa Kanali Braddock, mjomba wake Pryor, na watu wake.

"Fitch, weka uma chini. Nataka kuapa."

"Jamani, Mama Torrance, hata pai sijamaliza!"

"Pai haina miguu. Andika: jina langu litolewe kwa Pryor, libaki kwa Haskett."

Kanali akacheka. "Adah, vijana wangu thelathini wanakula hapa. Wakiacha kuja, utampikia nani?"

"Nitakula mwenyewe, Kanali. Nimekonda tangu Agosti."

Mtu mmoja akapaliwa na kahawa. Kanali hakucheka tena.

Fitch alichovya kalamu. "Sababu? Usiseme ni mtu mwema, mama. Barua za watu wema zimejazana huko Washington."

Sababu yangu ilikuwa chungu. Nikaisema hivyo hivyo.

"Andika: Haskett alikula mezani kwangu miaka mitatu, rafiki wa mume wangu. Silas alipomvunja mtu taya, Haskett akamshtaki, akafungwa siku thelathini. Nilimpigia magoti asifanye vile, akaninyanyua, akaenda mahakamani. Nikamfukuza hapa, na mpaka leo sijamwekea sahani. Huyo ndiye ninayemtaka."

Nikaapa, nikatia sahihi. Kanali akainuka, na watu wake wote nyuma yake, nyama zikabaki nusu. Nilikuwa na hofu, sifichi, lakini sikumwita hata mmoja arudi.

Nilifuta meza ya dirishani, alipozoea kukaa Haskett, nikaweka sahani.

"Fitch," nikasema, "kamwite. Pai yako nitaiweka jikoni isipoe."