Laki Tano na Elfu Kumi, Mia Tano na Kumi na Moja

Mgeni rasmi wa mavuno ya ngano alikuwa njiani kutoka Arusha. Meneja wa shamba alikuwa ameniahidi: shairi likimpendeza mgeni, mimi Sulle ningeondoka naye, nikaghani mkoani. Mgongo wangu ulikuwa umechoka magunia. Tangu alfajiri nilizunguka bohari, siwezi kukaa.

Shairi langu lilisimama juu ya namba. Sisi wapakiaji hupanga magunia kwa safu za mawili, matatu, matano. Gunia moja linalozidi, lisilo na safu, tunaliita mwenyekiti. Basi nilichukua namba tasa saba za kwanza, kuanzia mbili hadi kumi na saba, nikazizidisha zote, nikaongeza moja. Ikawa 510,511. Igawe kwa yoyote kati ya hizo saba, mwenyekiti anabaki. Nikatangaza bohari nzima: namba hii haigawanyiki, kama umoja wetu!

Letisia, mshonaji wa magunia, alikuwa akiandika kwa chaki sakafuni.

"Mshairi, umejaribu kumi na tisa?"

"Ya nini? Haimo."

"Ndiyo maana nakuuliza, bwana."

Nikampokonya chaki, nikagawa. Elfu ishirini na sita, mia nane sitini na tisa. Hakikubaki kitu. Nikarudia. Hakikubaki kitu.

"Mwenyekiti kapinduliwa!" akapaza sauti Tadei, mpakiaji mwenzangu. Wote wakacheka.

"Sema tu ulivyotunga," Letisia akaninong'oneza. "Mgeni hatagawa."

"Wewe umegawa."

Nikatoka nje. Hakuna hata moja kati ya saba iliyoweza kuigawa; kumi na tisa iliyoigawa ilitoka nje yao. Na itakuwa hivyo siku zote! Kusanya namba tasa zozote, zizidishe, ongeza moja: namba tasa itakayoigawa hiyo, hata ikiwa ni hiyo yenyewe, haimo kati ya ulizokusanya.

Ng'ambo ya ngano walisimama wafugaji wa kijiji cha Getanuwas na ng'ombe wao, wakitazama ardhi waliyolishia kabla ya matrekta kuja. Hakuna aliyewaalika.

Gari likafika. Nikaitwa mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Tupe maneno."

Nikaghani beti za mavuno, akapiga makofi. Ikaja zamu ya ubeti wa namba. Meneja alikuwa akitabasamu. Nikaacha nilivyotunga, nikasema:

*Saba tulishikamana, hatuna wa kutugawa;*
*Wahesabu waliomo, yupo aliye nje yao.*

"Nje ya nini?" mgeni akauliza.

Nikanyoosha mkono kuelekea kwa wafugaji. Watu wote wakageuka kutazama. Hakuna aliyepiga makofi.

Gari liliondoka bila mimi. Meneja alinipita bila kunitazama. "Rudi kwenye magunia," akasema.

Nikajitwika gunia, nikaghani ubeti uleule.

"Punguza sauti, bwana," Tadei akasema. "Wengine tuna watoto."

Nikapaza zaidi.