Mzee Alois Aja Kuposa Nguvumali

Nimepeleka posa kumi na moja katika mji huu wa Tanga, na hata moja haijanirudia. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba yaliyotokea nyumbani kwa Asheri, mwaka wa tisini na sita, hayakuwa makosa ya mshenga.

Asheri ni jirani yangu hapa Nguvumali. Ni Msambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kurithi, nyapara wa shamba la mkonge mpaka shamba lilipouzwa na yeye akapewa barua ya kumshukuru. Tangu hapo hasira zake zote alizihamishia Ulaya. Kila alichokichukia, vyama vingi, mitumba, nyimbo za redioni, alisema kimetoka huko. Mimi Mwislamu nilimuunga mkono barazani, maana na mimi ni mtu wa zamani vilevile. Tulielewana vizuri kabisa mpaka binti yake Loveness alipopendana na Mjerumani.

Kijana mwenyewe jina lake Korbinian. Mtaa mzima ukamwita Kobi. Alikuwa akifundisha vijana useremala, Kiswahili anakimwaga, na shikamoo zake hazina kasoro. Akaniomba niwe mshenga wake. Nilikubali kwa tamaa ya sifa tu. Nani mwingine Tanga aliwahi kumposea Mzungu?

"Bwana Idarusi," Asheri aliniambia, "kijana simkatai. Nakataa anakotoka. Kule hawasali, hawaoani, makanisa wameyageuza maghala. Nikimtoa mwanangu, akapelekwa huko, Jumapili atakaa na nani? Kwanza aje mzazi wake nimtazame."

Mzazi akaja. Mzee Alois, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Bavaria, mgane, shingo nyekundu, kavaa koti la sufu katika joto letu la Februari. Mama Loveness, yaani Anjela, alipoleta chai na maandazi, mzee alifanya ishara ya msalaba, akafumba macho, akasali mpaka chai ikapoa. Asheri akanitazama. Mimi nikatazama dari na kujipongeza kimoyomoyo.

Kwa desturi, upande wa mume husema mshenga peke yake. Nikafungua mdomo, mzee akanitangulia. Alisema robo saa nzima huku akigonga meza kwa kidole.

"Anasema anafurahi kuwaona," Kobi akatafsiri.

"Nimefanya kazi chini ya meneja Mjerumani miaka kumi na tisa," Asheri akasema. "Tafsiri yote."

Kobi akafuta jasho. "Anasema hawezi kukubali. Kwa sababu nyinyi ni Walutheri."

Nimeona posa zikikwama kwa ajili ya ukoo, kwa rangi, kwa kijicho cha shangazi. Sikuwahi kuona Mwislamu akikalishwa kati ya Mkatoliki na Mlutheri ili awaamue. "Babu yangu alibatizwa na Wajerumani!" Asheri alifoka. Mzee akajibu, na Kobi akatafsiri macho yakiwa chini: "Wale walikuwa watu wa kaskazini. Walipotea zamani."

Ningeaga na barua yangu ya posa mkononi, lakini Asheri hajui kuacha ubishi, na ubishi wenyewe ukawaharibikia: wakaanza kukubaliana. Mzee akasema kwao kengele ya kanisa ya alfajiri imelalamikiwa na watalii, eti inawakatisha usingizi. Asheri akapiga paja. Mzee akasema mahakama imekataza misalaba kulazimishwa madarasani, na chama chake cha siasa, chenye jina la Kristo, siku hizi kinaona haya kulitaja. Nikamwambia huku kwetu chama cha dini hakisajiliwi kabisa. Akanitazama kwa huruma, kisha akauliza kama sisi Waislamu tunaruhusu binti akae na mwanamume bila ndoa. Nikasema thubutu! Akanipa mkono. Kufika adhuhuri tulikuwa wazee watatu tunaisema Ulaya, na mwenye Ulaya ndiye aliyekuwa mkali zaidi.

"Basi mimi na Loveness tutaoana bomani," Kobi akasema kwa uchovu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kijerumani.

"Bomani!" tukapiga kelele wote watatu, bila mkalimani.

Palipotulia, Asheri akarudi kwenye lake. "Mwulize baba yako. Kanisani kwake, Jumapili, wanakuwa watu wangapi?"

Mzee akajibu kwa neno moja. Kobi hakutafsiri.

"Tisa," Asheri akaniambia taratibu. "Wako tisa."

Hapo mzee akasema tena, safari hii bila kugonga meza. Kobi alitafsiri vipande vipande. Hakuja kwa ajili ya Luther. Alikuja kwa sababu Kobi akioa hapa, atakaa hapa. Wale tisa wote ni wazee. Wakimzika mmoja, hawampati mwingine.

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Loveness, ambaye kwa desturi alipaswa kubaki ndani, akatoka nyuma ya pazia bila kuitwa. Akamwamkia mzee, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, tulikuwa tumeamua kuishi Tanga. Sasa siwezi. Wewe ndiye uliyenifundisha nisimwone mtu yuko peke yake nikampita. Mimi ni Mlutheri na nitabaki Mlutheri. Lakini nitakwenda kukaa naye."

Kobi alitafsiri kila neno. Mzee akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akauliza jambo.

"Anauliza, na wewe, mzee Asheri? Utakaa na nani?"

Asheri akacheka. "Mwambie kanisa letu linajaa mpaka nje. Hata pa kuweka mguu hapana." Akaichukua ile barua mkononi mwangu, akaitia mfukoni bila kuifungua. Posa ikapita nami sijasema hata sentensi moja ya kuposa.

Ndoa ilifungwa kanisani kwa Asheri, padri naye akaalikwa, na Mzee Alois akaimba kwa sauti kuliko kwaya. Mwezi uliofuata maharusi na mzee wakaondoka wote watatu kwenda Bavaria.

Ni kweli kanisa la Asheri linajaa. Anjela ndiye aliyeniambia kwamba kila Jumapili mumewe anawahi, anakaa, halafu anaweka Biblia yake juu ya benchi, kando yake. Waliochelewa wakimwomba nafasi, anawaambia kuna mtu anakuja.